Figo za Jamhuri

Jumatatu, 6 Machi 1967
Jamhuri amerudi kutoka Mombasa, kapasuliwa! Huyu ni paka dume wa Biasha, mjane niliyemposa tangu mwezi wa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, na jibu sijapata. Njia yake ya mkojo iliziba, nusura figo zife. Daktari wa mifugo kasema zitapona iwapo atakunywa maji mengi na kukojoa kila siku. Akatuuliza nani alikuwa akimlisha ng'onda, samaki wa chumvi. Nikamtaja Chande, fundi cherehani, maana naye anamtaka Biasha. Ng'onda zangu za kila asubuhi hazikuulizwa. Biasha kasema habari za ndoa hazisikii mpaka paka apone. Ole wangu!

Jumanne, 7 Machi
Paka hanywi. Chande kaketi sakafuni anamdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Mwanamume mzima! Mimi nimetumia akili. Chumvi huleta kiu. Nimempenyezea ng'onda chini ya kitanda. Kainusa, kageuza uso. Hata paka ananikataa.

Jumatano, 8 Machi
Sanduku la mchanga analokojolea Jamhuri kavu kabisa. Biasha analia, anataka kumwita daktari tena. Machozi yale siyawezi. Alipokwenda kuswali nikamwaga maji ya dafu mchangani. Aliporudi akapiga kigelegele! Daktari hakuitwa. Akasema mimi, kaka Abdurahman, nina baraka. Hilo neno kaka sikulipenda.

Alhamisi, 9 Machi
Balaa! Sanduku limejaa sisimizi. Chande akachovya kidole mchangani, akaramba, akasema ni dafu. Biasha akanitazama. Paka tumbo gumu, macho yamelegea. Chande akamfunga kwenye kikapu cha baiskeli, mbio kwenda kivuko cha Likoni, avuke kwa daktari. Biasha kaniambia nisikanyage tena kizingiti chake. Nimelia. Wallahi si kwa ajili ya posa tu. Yule paka nilimzoea, na akifa nimemuua mimi.

Jumatatu, 20 Machi
Jamhuri kapona. Kazibuliwa, figo salama, anakojoa kama kawaida. Biasha kamkubali Chande, harusi baada ya Idi. Mimi sikualikwa hata kwenye pilau. Ukunda nzima haina mtu wa kunisalimu.

Jioni nimeketi barazani peke yangu, nimekata tamaa. Mara Jamhuri huyo! Kaja mwenyewe, kajisugua miguuni pangu. Yeye peke yake hana kinyongo. Machozi yakanitoka, nikaingia ndani nikamkatia ng'onda. Alikuwa na njaa, maskini. Kala yote, nikamwongeza.