Ufunguo wa Bomba la Kitangari

Leo nimeadhirika. Tena ukweni, Kitangari, mbele ya mama mkwe.

Chanzo ni mdogo wangu wa Dar. Wiki iliyopita alinifundisha mchezo unaitwa jiokeshing. Mtu anaficha kopo, anatia alama kwenye ramani ya simu, wewe unalisaka. Ndani kuna daftari, unaandika jina lako. Kuna na vitu vidogo: unachukua kimoja, unaacha chako. Kisha unalirudisha palepale, watu wasikuone.

Kutazama ramani, lipo moja Kitangari! (Nani alilificha, sijui. Labda mgeni aliyepita njia.) Basi asubuhi tukapanda basi kutoka Masasi: mimi, Mama Neema, na Neema mwenyewe, ana miaka tisa. Tukamwamkia mama mkwe, tukanywa uji. Saa saba nikasema twendeni tukanyooshe miguu.

Simu ikatupeleka kwenye mikorosho karibu na bomba la maji. Hapakuwa na mtu. Ndoo tu, zimejipanga foleni zenyewe. Simu ikaonyesha zimebaki mita nane.

Neema ndiye aliyeliona, kwenye tundu la mkorosho. Kopo la maziwa ya unga! Ndani, daftari limejaa majina!

"Kumbe watu wote hawa wameshacheza?" nikasema.

Mama Neema akachungulia. "Mbona wote ni akina mama wa hapahapa? Baba Neema, kopo hili mimi silielewi."

"Mchezo umeenea," nikamjibu. (Kiburi cha mwenye simu ya laini mbili.)

Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Tumefurahi sana kupata hazina hii. Baba Neema na familia, Masasi." Nikaongeza na namba ya simu, hakuna aliyeniomba. Neema akachukua ufunguo mdogo wenye kitambaa chekundu, akaacha kibanio chake cha nywele. Tukapiga picha. Tukaondoka kifua mbele.

Nyumbani tukakuta mama mkwe ametoka. Nikaketi barazani, nikamega muhogo. Simu ikaita. Sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye Baba Neema wa Masasi?"

"Ndiye."

"Mimi Mama Zainabu, mwangalizi wa bomba. Nilikwenda kula, nimerudi. Tunaomba ufunguo."

"Ufunguo gani, mama?"

"Wa bomba! Humu kwenye kopo langu nimekuta kibanio cha nywele. Nifungulie maji kwa kibanio?"

Nikamgeukia Neema. Ameuvaa shingoni kama kidani.

Nilikimbia. Maji kule hutoka siku mbili kwa wiki, na jioni hukatika. Nikakuta akina mama kama arobaini wamekalia ndoo. Mama Zainabu kasimama katikati na lile daftari, kumbe ni la foleni ya maji, anawasomea kwa sauti:

"'Tumefurahi sana kupata hazina hii!'"

Mmoja akasema neno la Kimakonde ambalo Mama Neema mpaka sasa amekataa kunitafsiria.

Nikatoa shikamoo ya jumla. Ikaitikiwa marahaba moja tu, ya chini sana. Nikatazama ilikotoka. Mama mkwe! Ndoo ya tatu kwenye foleni.

Nikakabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nikaanza kueleza: ramani, mdogo wangu, mita nane. Kila nilivyoeleza nilizidi kuzama. Mama Zainabu alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo, baba, umetoka Masasi kuja kutafuta kopo."

"Ndiyo."

"Huko kwenu makopo hamna?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mama mkwe alijitahidi. Alijifunika kanga usoni, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Maji yakafunguliwa. Hukumu ikatolewa papo hapo: nibebe ndoo za wazee hadi majumbani. Zilikuwa saba. Watoto walinisindikiza wakiniita Baba Hazina, na sasa jina hilo limefika hadi sokoni.

Nawaomba jambo moja tu: anicheke yule ambaye amewahi kuitua ndoo ya mama mkwe wake mlangoni, akaambiwa, "Asante mwanangu, kesho kutwa yanatoka tena."