Siku Nilizompikia Mama Générose Sauti Yake

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Papa Augustin, mkurugenzi wa redio yetu hapa Makiso, ametuita mimi na Falonne, mwenzangu wa kazi. Jumapili anatoa matanga, anamaliza maombolezo ya mke wake, mama Générose, aliyefariki mwaka jana, na anataka watu wamsikie akiimba. Nyimbo zake za kwaya zimo ndani ya ordinateri ya redio, lakini mashine haiwezi kuzifungua. Falonne akaeleza kwamba inakosa maktaba ya sauti, ile programu inayosaidia programu nyingine kusoma nyimbo. Kwa mashine kuukuu hivi hakuna iliyo tayari. Donc lazima tuchukue msimbo wake mtandaoni, tuupike wenyewe mpaka mashine iuelewe.

Nikasema najua, nimeshapika nyingi. Sijapika hata moja! Papa akasema bon, atakayemwimbisha mama Générose ndiye atakuwa chef technique, mkuu wa mitambo yote. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa, mashine nimepewa mimi. Falonne ni msaidizi. Safi sana.

Jumanne, 4 Novemba

Amri ya kwanza inakagua mashine kabla ya kupika. Ikakataa. Eti kuna kitu kinakosekana. Nikakipakua. Ikataka kingine. Nikakipakua. Ikataka cha tatu! Wakwe zangu wa Banalia hawakunisumbua hivi kwenye mahari. Wao walitaja vyote siku moja. Saa kumi jioni ikakubali. Nikamwambia Falonne aandike kwenye daftari la redio kwamba Eddy ameshinda. Aliandika saa tu.

Jumatano, 5 Novemba

Tumeanza kupika. Asilimia kumi, ishirini, arobaini. Nikaita watu wa studio waje watazame. Asilimia sitini na mbili, courant ikakatika, umeme wa mji mzima. Pole yangu!

Iliporudi mchana, nikatoa amri ya kusafisha, inayofuta vyote vilivyopikwa, nikaanza upya. Mama yangu hakupika kamwe ndani ya sufuria yenye ukoko. Falonne akataka kusema kitu. Nikamjibu wakubwa wako kazini. Namzidi miezi miwili.

Alhamisi, 6 Novemba

Asilimia themanini. Courant ikaenda. Nikasafisha.

Falonne akauliza kwa nini nasafisha kila mara. Nikamwambia ni usafi tu, nyumbani kwao hawaujui? Akanuna. Akafungua mdomo tena, nikamtuma na toleka, ile baiskeli ya abiria, akatafute chikwangue, mkate wa muhogo. Anataka cheo changu huyu, namuona!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata akili. Jirani yetu mama Hadidja anauza samaki wa barafu na ana groupe yake, jenereta inayonguruma kutwa kwa ajili ya friji. Nikamweleza kwamba frigo ikifanya kazi wiki nzima bila kupumzika inaharibika, wataalamu wamethibitisha. Akakubali ipumzike kwa muda wa saa mbili. Nikachomeka waya wangu.

Asilimia tisini na tisa! Nilikuwa nimeshavaa koti la kwenda kumwambia Papa. Hapo mama Hadidja akaingia na samaki aliyelegea mkononi, akaniita mwizi wa moto wa groupe yake, akachomoa waya mwenyewe. Studio nzima inanuka samaki. Courant ya mji iliporudi, nikasafisha vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Papa Augustin alikuja asubuhi, akaketi kando ya mashine. Hakugomba. Akaniambia polepole kwamba mwaka mzima hajasikia sauti ile, na kwamba ameanza kuisahau. Akauliza kama kesho mama Générose ataimba. Nikamjibu anasafisha koo tu. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Saa nne, asilimia hamsini, courant ikaenda. Bon. Nikashikwa na malaria ghafla. Nikamkabidhi Falonne ufunguo wa studio mbele ya mashahidi. Lawama zitamkuta yeye.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Générose ameimba! Uani kwa Papa Augustin, mbele ya watu wote, sauti ikatoka. Papa akashika kiti chake kwa mikono miwili akalia, nasi tukalia, mimi nikazidi.

Kumbe Falonne hakusafisha kitu. Courant ikirudi anaendelea pale pale mashine ilipoishia. Inakumbuka! Sasa yeye ndiye chef technique. Watu wanampongeza. Hakuna anayesema nani alimsafishia sufuria siku tatu.

Jumatatu, 10 Novemba

Falonne amepakua maktaba nyingine, kubwa mara tatu, kwa ajili ya nyimbo zilizobaki. Jana baada ya sherehe alirudi studio akaipika mpaka asilimia tisini na saba, courant ikaenda. Akanipa kazi moja tu: asubuhi niwahi, niendeleze.

Nimewahi kabla ya watu wote. Nimekuta uchafu wa ajabu, mafaili elfu moja ya jana yametapakaa. Siwezi kumwacha chef wangu aaibike. Nimeyafuta yote, hakuna hata moja lililobaki.

Falonne amefika saa tatu. Ametazama mashine, ameketi sakafuni, amejishika kichwa. Nadhani amekosa namna ya kunishukuru.