Waya wa Pili wa Sanduku

Jumatatu, 12 Novemba 2012, Walikale.
Miye Archange, niliyeacha shule ao shule iliyoniacha, njo ninalinda serveri mbili za ofisi inayoandikisha wakimbizi. Zote zinaweka kumbukumbu zao katika sanduku moja la madiski. Sanduku iko na waya mbili za umeme: moja ya groupe, jenereta ya mazuti, ingine ya panneau ya jua. Moja ikikufa, ingine inabeba. Sasa ile ya pili ikae bure? Nimeing'oa, nikaupeleka umeme wa panneau kwa frigo ya dada Kaswera, mwenye duka hapa karibu. Amenipa sucré, soda ya baridi. Ameniita ingénieur! Mbele ya watu!

Jumanne.
Wameandikwa watu mia mbili waliokimbia Kirolirwe, kule Masisi. Kati yao Mama Drocella, yuko na wajukuu watatu. Barabara ya Goma imefungwa na vita, mazuti ikaisha. Groupe kimya. Sanduku kimya. Serveri zikatoa macho tu. Nikakimbia kurudisha waya, sanduku likawaka. Liste imepona. Papa Séraphin, fundi wa diplome kubwa, akauliza kama nimegusa kitu. Nikamwambia hata vumbi sijagusa.

Jumatano.
Séraphin anafungua réglage, mipangilio ya mashine, moja moja, anatafuta kwa nini sanduku halikuhamia waya wa pili lenyewe. Jasho! Nikamushauri aangalie virus. Akanitazama kama mutoto wa maternelle. Basi, atafute! Kaswera akalia kwamba kuku zake za frigo zinanuka. Nikamurudishia umeme. Kidogo tu.

Alhamisi.
Mazuti imefika kwa pikipiki. Séraphin akasema atafanya essai: atang'oa waya wa groupe, mashine zikiwa zinaandika. Nikamuomba angoje, tumbo linaniuma. Akasema tumbo lako halimo katika serveri. Akang'oa. Tsup! Sanduku likakufa katikati ya kuandika. Lilipoamka, liste ya Kirolirwe haisomeki tena. Kopi ya akiba iko ya wiki iliyopita, wakati wale watu walikuwa bado kwao. Chef, Mama Olga, akamupigia Séraphin makelele mbele yetu wote. Miye? Muntu wa heshima hachongei mwenzake.

Ijumaa.
Wanaandikwa upya, mustari mzima katika mvua. Mama Drocella akaniuliza kama jina lake limo bado. Nikamwambia mashine imesahau. Akasema: mutoto wangu, vita inatukumbuka vizuri, mashine yako njo inatusahau. Akacheka. Sikupenda kile kicheko.

Jumamosi.
Unga umefika. Asiye na jina katika liste, hana mufuko. Nikamutafuta Drocella. Jirani yake akasema alichoka kungoja, jana alishika njia ya Kirolirwe na wale watoto, kulekule kwa masasi ya bunduki.
Haraka ya nini? Siku moja tu! Watu wa Masisi hawana subira.
Séraphin wamemufukuza. Nimeandika demande, barua ya kuomba kazi yake, kurasa mbili, na pale penye sifa zangu nimeweka: muangalifu sana.