Malalamiko Dhidi ya Mguu Unaonyooka Siku ya Sabato

Marani, Kisii
Agosti 1972

Kwa Daktari Otiende,
Kliniki ya Miguu

Bwana Daktari,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mshiriki wa kanisa dogo la Wasabato hapa kijijini. Nakuandikia kuwaunga mkono wazee wetu, ambao wamekwisha kukasirika lakini bado hawajaandika.

1. Mjukuu wangu Kemuma alizaliwa nyayo zimegeukia ndani, zikitazamana kama ndugu wanaogombania mpaka wa shamba. Wazee walikuwa wakitafuta kwa bidii dhambi ya mama yake, Drusilla. Wewe ukaja ukasema hakuna dhambi, kuna plasta. Umewanyang'anya kazi.

2. Plasta hiyo ngumu ya kunyoosha miguu hubadilishwa kila wiki, nawe hufika kwetu Jumamosi tu. Drusilla alimbeba mtoto akaja. Mzee Manasseh akamwuliza mbele ya kanisa kwa nini mguu usingoje Jumapili. Akajibu, "Mzee, mimi ningengoja. Mguu ndio haungoji." Kwa jibu hilo ameondolewa kwenye kwaya, na akirudia atafutwa ushirika. Ameogopa, Jumamosi iliyopita hakuja, na mguu wa kushoto umeanza kurudi ndani.

3. Basi naulaumu mguu wenyewe. Ng'ombe wa Mzee Manasseh alipotumbukia mtaroni siku ya Sabato, wanaume wa kanisa walimvuta kwa kamba huku wakiimba, na hakuna aliyetengwa, hata ng'ombe. Lakini ng'ombe hutoa maziwa. Kemuma ana miguu tu, tena mibovu.

4. Kwa hiyo naomba uiamuru miguu yote ya Wasabato isipinde tangu jua linapotua Ijumaa mpaka linapotua Jumamosi. Ikikaidi, iitwe mbele ya baraza la kanisa. Itafika ikichechemea, na huo utakuwa ushahidi tosha. Na kama hata hilo litakushinda, tangaza wazi kwamba kutembea ni kwa watoto wa Wakatoliki, ambao Jumamosi wana nafasi.

Nisalimie wauguzi, dereva wako, na watoto wote wenye plasta, hasa wanaowapiga nayo wenzao.

Wako katika kuitetea Sabato,
Ishmael Nyasani

Nyongeza: Jumamosi hii Drusilla atakaa kanisani, asiwe na kosa. Kemuma nitamleta mimi, nikipita mbele ya mlango wa kanisa wakati wa mahubiri. Barua ya kunifuta ushirika itabidi niiandike mwenyewe, maana karani wa baraza ni mimi. Tafadhali loweka plasta mapema, na uanze na mguu wa kushoto.