Kuku, Jiko na Mama Mkasi

Jumatatu, 4 Mei
Aibu. Alikuja mteja asiyejua Kiswahili, nikamweleza kwa Kiingereza kwamba pasi hii nimeiazima kwa jirani. Mama Mkasi akacheka hadi akaegemea cherehani. Eti nimesema jirani ndiye aliyeiazima kwangu. Tunashona naye chumba kimoja tangu wanetu wananyonya, na sheria yetu ni hiyo hiyo: anayekosea Kiingereza anamshonea mwenzake matundu ya vifungo kutwa. Vidole vimekufa ganzi. Nimemsamehe. Kiasi.

Jumanne, 5 Mei
Mwenyekiti wa akina mama kanisani kapita. Jumapili tuna wageni wa Kiingereza kitupu, anatakiwa mama mmoja wa kuwakaribisha na kuwaelekeza jikoni kwenye chakula. Majaribio Ijumaa. Nikasema nipo. Mama Mkasi naye eti yupo! Mimi miaka yote kazi yangu pale ni masufuria. Waumini hawanijui uso, wananijua mgongo. Safari hii lazima niwe mimi.

Jumatano, 6 Mei
Mlango umefunguka wenyewe. Mama Mkasi kaniuliza, kwa upole ulionitia shaka, jiko kwa Kiingereza ni neno lipi, maana yeye hulichanganya na kuku. Mimi silichanganyi. Nikampa la kuku, uso mkavu kama ubao. Akasema, "Asante dada, Mungu akuzidishie." Kisha akanishonea matundu yangu yote bila kudaiwa. Roho ikaniuma kidogo. Nimesali niambiwe kama nimekosea. Sikujibiwa, nikachukua kuwa ni ruhusa.

Ijumaa, 8 Mei
Nilitangulia mimi. Salamu safi, sauti imenyooka, mwisho nikawaelekeza wageni jikoni. Mwenyekiti akauma midomo. Katibu akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Kumbe nimewaambia chakula kinawasubiri ndani ya kuku. Akasimama Mama Mkasi na lile neno langu la hila, akawafikisha jikoni moja kwa moja. Makofi. Kachaguliwa.

Yaani umri wote huu nimeyashika kinyume! Na juzi nilimsifia mkwe wetu kwa Kiingereza kwamba ana jiko zuri. Ndiyo maana alinifungia paja la kuku niondoke nalo.

Jumapili, 10 Mei
Mama Mkasi kawakaribisha wageni mpaka wakacheka. Mimi mlangoni, aproni kiunoni. Ghafla akaninyooshea kidole mbele ya kanisa zima. Nikajua kagundua. Nikaanza kutubu harakaharaka, kuanzia na dhambi ndogo. Kumbe anasema, "Yule ndiye mwalimu wangu: neno sahihi alinipa mimi, yeye akajitia kukosea ili nipite." Watu wakasimama. Mwenyekiti akafuta machozi. Nikafungua mdomo niseme kweli, ukweli ukafika kooni ukageuka. Nikasikia nimesema amina.

Jumatatu, 11 Mei
Sijalala kwa mshtuko. Mwenyekiti kanikabidhi darasa la Kiingereza la akina mama, kila Alhamisi. Nikakubali. Mama Mkasi kawa wa kwanza kujiandikisha, na madaftari kanunua mawili, moja langu.

Hofu sina. Nimeonyeshwa njia katika sala: kwa kuwa ninalodhani ni sahihi huwa ni kosa, nitakuwa nafundisha lile jingine. Asubuhi akarudi mteja wa wiki jana kuchukua gauni. Nikaijaribu njia yangu. Nikamweleza tena habari ya pasi, ila kila neno lililonijia nikaliacha, nikasema mwenzake.

Mama Mkasi akacheka mpaka akakaa chini. Eti sasa nimesema pasi ndiyo iliyomwazima jirani. Kisha akanisogezea rundo la mashati, akasema, "Haya mwalimu, matundu hayo."

Nimeshona hadi jioni, nikimwombea. Masikini Mama Mkasi, Alhamisi nitaanza na yeye.