Msumeno Unaolala Kushoto

Leo nimejiaibisha mbele ya watu saba. Niliwahesabu, maana sikuwa na pengine pa kutazama.

Mnaonijua mnajua mimi si msemaji. Nafanya kazi karakana ya Fundi Mbwana, hapa Chumbageni, na kwa miaka mitatu kazi yangu ni kupiga msasa. (Simu inayofunguliwa kwa kidole hainitambui tena.) Asubuhi fundi akaniita. Tuna kasha la harusi la mjukuu wa Bi Mwanahamisi, linatakiwa kabla ya Ijumaa, na kona zake zote zinakatwa kwa mshazari. Msumeno wetu wa meza umekufa. Akanituma dukani nikachague mwingine, mimi peke yangu.

"Ukichagua vizuri, kasha unakata wewe," akasema. "Ukikosea, msasa unajua ulipo."

Jamani, nilitembea kama bwana harusi.

Kwa wasiojua: msumeno wa meza una kisu cha mviringo kinachochomoza katikati ya meza. Ukitaka mshazari unazungusha gurudumu, kisu kinalala. Kuna misumeno inayolala kushoto, kuna inayolala kulia. Na upande wa kulia wa anayekata, akisimama mbele penye gurudumu, ndiko kuliko na kiegemeo, kile chuma unachoegemezea ubao. Kisu kikilala kuelekea kiegemeo, ubao unabanwa katikati, na ubao uliobanwa hurudi kwa kasi kumtafuta fundi tumboni. Kwa hiyo nilitaka unaolala kushoto. Nilikuwa na hakika. (Nilisoma habari zake mara nne. Nasoma polepole, lakini nikishika nimeshika.)

Dukani ilikuwepo miwili. Mbele yake pamewekwa benchi, na kwenye benchi wazee wawili wanakunywa kahawa, magoti yao yanakaribia kugusa mashine. Nikawaamkia, shikamoo, wakaitikia. Sasa ningefanyaje? Niwainue wazee na vikombe vyao kwa ajili yangu? Nipite katikati yao? Mama angepata habari kabla sijafika nyumbani. Nikazunguka nyuma, nikasimama kati ya mashine na ukuta. Gurudumu liko mbele, kwa hiyo mzee mmoja akanizungushia kwa mkono mmoja, kahawa mkono wa pili. Msumeno wa kwanza ukalala kulia kwangu. Wa pili ukalala kushoto kwangu, taratibu, kama mtoto aliyeshiba. Nikasema, huohuo.

Tulipoushusha karakana, watu wakasogea. Fundi Mbwana, Bi Mwanahamisi aliyekuja kuona kasha lake limefikia wapi, Hamza tunayefanya naye kazi, na mafundi wengine wanne. Mimi, ambaye salamu tu hunitoa jasho, nikatoa somo. Nikaeleza kiegemeo. Nikaeleza tumbo la fundi. Nikawaambia ndiyo maana nimechagua kushoto.

Nikazungusha gurudumu. Kisu kikalala kulia, kuelekea kiegemeo.

Nikakirudisha. Nikazungusha tena. (Labda hakikunisikia mara ya kwanza.) Kulia.

"Mwalimu," Hamza akauliza kwa upole kabisa, "hiyo kushoto yako umeitoa wapi?"

Fundi akataka kujua dukani nilisimama upande gani. Nikamweleza yote: benchi, wazee, kahawa, ukuta. Akaketi juu ya rundo la mbao, akacheka bila sauti, mabega yanaruka. Bi Mwanahamisi ndiye aliyenitetea. Akasema kijana aliyelelewa hawezi kuwapitia wazee mbele. Kisha naye akajifunika mdomo kwa kanga. Hamza akanisogezea kipande cha msasa, kwa kidole kimoja.

Fundi akajifuta macho. "Haya. Msumeno ndio huo, na harusi haitusubiri. Unafanyaje?"

Nilitazama mashine mpaka wakaanza kukohoa. Kisha nikakilegeza kiegemeo, nikakitoa kulia, nikakifunga upande wa kushoto wa kisu. Basi. Sasa kisu kinalala kulia, kinakipa kiegemeo mgongo, na ubao haubanwi na chochote.

Nikakata ubao wa kwanza. Nikakata wa pili. Nikaviunganisha vichwa vya mbao hizo, ikawa kona. Fundi akaibeba hadi dirishani, akaiinua, akatafuta mwanga kwenye kiungo. Hakuupata. Akampa Bi Mwanahamisi, naye akapitisha ukucha mara mbili, akamwambia fundi, "Mwingine asiguse kasha langu. Akate huyu."

"Umesikia," Fundi Mbwana akaniambia. "Endelea."

Nimekata mbao zote za ubavuni mpaka alasiri, kila kona imefumba. Nimezipanga ukutani, nikazitazama, nikaondoka, nikarudi kuzitazama tena.

Kwa hiyo mnaotaka kunicheka, chekeni leo mmalize. Kesho asubuhi nakata kifuniko, na nataka mkono uliotulia.