Marehemu Ndugu Yangu Thaddeus

Alhamisi, 12 Juni

Nimefika. Mwendo wa saa tatu na nusu kutoka Oakland, barabara kona tupu. Nimetapika mara moja, kwa utulivu.

Haya ndiyo mafungo ya Mama Ozella Broussard. Siku nne kwenye msitu wa Mendocino, kwa ajili yetu sisi tusio weupe, kuja kuwalilia wafu wetu na kujifunza kupumua bila Mzungu kutuuliza kama anaweza kutugusa nywele. Jambo jema sana. Mimi nina upara, lakini naunga mkono.

Mama Ozella ana miaka sabini na sita na magoti yamemchoka. Jumapili atamtangaza mrithi wake. Mrithi ni mimi. Bado hajajua. Sauti ninayo, nzito kama ya mhubiri wa redioni. Nguo za kitani nimenunua, nyeupe, pea nne. Kilichopungua ni marehemu tu. Kila mtu sharti aje na picha ya anayemlilia, iwekwe kwenye meza ya wapendwa.

Kweli, yupo Shangazi Eulalie, aliyenilea. Alifariki Machi. Lakini alifia usingizini, miaka themanini na minane, tumbo limejaa pai ya viazi vitamu. Nani atalia kwa kisa kama hicho? Isitoshe, mazikoni sikwenda. Nilikuwa Sacramento kwenye semina ya uongozi. Dada yangu Verlene hajanisemesha vizuri tangu siku ile. Sitaki kuliandika hilo. Nimeshaliandika. Basi.

Kwa hiyo nimembuni Thaddeus. Pacha wangu! Fremu niliyonunua ilikuja na picha ya mwanamume mweusi ndani yake, ana masharubu, anatabasamu kama aliyepata habari njema. Maandishi ya chini nimeyakata kwa mkasi. Karibu kwenye ukoo wetu wa Gaskins, Thaddeus.

Simu zetu zimekusanywa kikapuni. Chumba nimepangwa na Crispin Abueva, Mfilipino wa Vallejo, fundi wa mabasi, mgane. Haongei. Anapiga pasi hadi soksi. Huyu si tishio.

Tishio ni Renata.

Ijumaa, 13 Juni

Renata Ybarra, Mmeksiko wa Fresno. Kazi yake ni kupokea simu za watu wanaohitaji ambulensi. Amefiwa na mdogo wake, Chuy. Analia vizuri kupita kiasi. Chozi moja tu, la jicho la kushoto, linateremka taratibu bila haraka. Mtu hapati chozi kama lile bila mazoezi!

Kifungua kinywa kimya kimya. Kila mtu punje moja ya zabibu kavu, aile kwa dakika kumi, aisikilize. Yangu haikusema kitu. Nikaimeza, nikachukua nyingine nne. Mama Ozella akaniona. "Kaka Thurman, unakimbilia wapi, mwanangu?" Watu wakatikisa vichwa kana kwamba amesoma Zaburi. Swali la kawaida kabisa! Hata mimi ningeweza kuliuliza.

Kisha duara. Renata alisema maneno machache. Kwamba Chuy alipiga namba ya dharura. Kwamba zamu ilikuwa yake. Kwamba aliitambua sauti kabla hajataja jina. Watu ishirini na wawili wakalia. Mpishi jikoni akaacha kuosha sufuria. Mimi mwenyewe nikajikuta nimeinamisha kichwa. Wivu, bila shaka.

Zamu yangu. Nikawaambia Thaddeus alizama ziwani akimwokoa mbwa wa watu. Nikaeleza mawimbi. Nikaeleza radi. Dakika ishirini na tano. Mama akagonga bakuli la shaba mara mbili kunikumbusha muda. Nikafumba macho, nikalipokea kama baraka. Mwishoni likaja swali moja tu: mbwa alipona? Nikasema alipona. Wote wakashusha pumzi. Anaitwaje? Nikasema Biskuti. Sasa kambi nzima inamwombea Biskuti. Thaddeus hana anayemtaja!

Crispin peke yake ndiye aliyenipa leso. Imenyooshwa kwa pasi. "Pole sana, kaka. Kufiwa na pacha ni kukatwa nusu." Nikajisikia vibaya mpaka chakula cha mchana. Kilikuwa kuku.

Jumamosi, 14 Juni

Nahitaji machozi. Asubuhi nimedondosha sosi ya pilipili kwenye pembe ya leso ya Crispin. Kidogo tu! Katikati ya kutafakari nikajifuta jicho.

Yesu wangu! Nikatoka mbio, nikagonga nguzo ya baraza, nikatumbukiza kichwa kwenye pipa la maji ya mvua. Nyuma nikamsikia Mama Ozella akiwaambia wengine waniache, huzuni ya Kaka Thurman imefika mwilini. Ushindi! Ila jicho la kulia limefumba kabisa.

Crispin alikuja kuchukua leso yake. Akainusa. Akanitazama. Akaenda kuifua. Kumbe ile leso aliidarizi marehemu mkewe, Luz. Ningejuaje? Mtu aseme vitu!

Alasiri nikamwendea Mama Ozella, kwa moyo mzito, kumshitaki Renata. Nikasema analala wakati wa kutafakari, nimemsikia akikoroma kwa masikio yangu. Mama akajibu kwamba Renata hajapata usingizi tangu Januari, na kwamba hapa kukoroma nako ni kupumua. Nikaongeza kuwa ninavyoona mimi, anapenda kujionyesha. Mama akaliangalia lile jicho langu moja lililobaki.

"Na wewe, mwanangu, usingizi unapata?"

Nikasema nalala kama mtoto mchanga.

"Hapo ndipo unaponitia wasiwasi."

Nadhani anaanza kunipenda.

Jumapili, 15 Juni

Leo Siku ya Akina Baba. Leo tangazo. Nikavaa kitani cha mwisho kilichokuwa safi.

Duara la kufunga lilikuwa nje, na meza ya wapendwa katikati. Upepo ukapiga. Fremu ya Renata ikaanguka kifudifudi. Kioo hakikuvunjika, lakini mgongo ukafunguka. Picha ya Chuy ikatoka. Nyuma ya Chuy ikatoka picha nyingine, ile iliyokuja na fremu, ambayo Renata hakuiondoa.

Masharubu. Tabasamu. Thaddeus! Na chini yake, pale ambapo mkasi haukupita: INCHI 8 KWA 10.

Renata akaiokota. Akaitazama, akaitazama meza, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipojua kimya ni nini. Siku tatu zote tulikuwa tunaigiza tu.

Crispin akakivunja. "Kaka Thurman, kumbe mlizaliwa watatu?"

Renata akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, ameshika mbavu. Si wote waliocheka. Mama mmoja wa Stockton alisimama akasema nifukuzwe, yeye siku mbili amemwombea mbwa ambaye hayupo!

Mama Ozella akainua mkono. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Haya. Huyo wa karatasi tumeshamzika. Sasa wewe unamlilia nani?"

Nikafungua mdomo niseme nina kisa kingine. Akatoka Shangazi Eulalie. Kwamba alikuwa ananiwekea kipande cha pai cha pembeni, kilichoungua, kwa kuwa alijua nakipenda. Kwamba alinipigia Jumanne ile kabla hajafariki, nikaona jina lake, nikaiacha simu ilie, nikasema nitampigia baadaye. Kwamba siku ya mazishi, nilivyosimuliwa, kanisani kiti cha mbele kilikaa kitupu ibada nzima, Verlene amekiwekea mkoba ili asikae mtu, kwa sababu alijua nitakuja.

Nikalia. Si chozi la jicho moja. Kamasi, mabega, sauti ya ajabu kama mbuzi. Crispin akanipa leso. Ile ile. Ilikuwa safi, ina harufu ya sabuni. Renata akanishika mkono, akaniambia nipumue naye, ndani, nje, kwa sauti ile anayowapa watu kwenye simu. Nikapumua. Dunia ilikuwa pana sana kwa muda.

Halafu nikaangalia saa. Dakika kumi na moja za machozi! Nikamsogelea Mama Ozella, nikamuuliza kwa unyenyekevu kama zile zinahesabiwa kwenye uteuzi.

Alifumba macho muda mrefu. Nafikiri alikuwa anatafakari.

Akamtangaza Crispin. Crispin! Mtu ambaye hajasema maneno hamsini tangu Alhamisi. Mama alisema ndiyo sababu yenyewe. Renata atakuwa msaidizi wake. Mimi nimeombwa nikunje viti. Nimekunja vyote, kwa mamlaka.

Jumatano, 18 Juni

Oakland. Nimempigia Verlene. Nikamweleza yote, simu, kiti, mkoba. Nikasikia analia. Nami nikalia kidogo. Akasema hajawahi kunisikia nikisema kitu cha kweli kwa dakika tatu mfululizo. Akasema jiwe la kaburi la Shangazi linawekwa Jumamosi hii asubuhi, niende, tusimame pamoja, yaishe. Niliguswa. Niliguswa sana.

Bahati mbaya, Jumamosi hiyohiyo yanaanza mafungo mengine, Santa Cruz, wiki nzima. Kiongozi wao ana miaka themanini na mmoja na anakohoa. Na safari hii nina huzuni halisi, haina kasoro, imeshajaribiwa mbele ya watu ishirini na wawili. Nani wa kunishinda?

Nikamwambia Verlene kwamba roho yangu itakuwa pale makaburini. Nikamwomba anitumie ile picha ya Shangazi anayocheka. Kubwa kabisa, tafadhali, ionekane kutoka nyuma.

Amekata simu.

Maskini dada yangu. Ana uchungu mwingi moyoni, na hajafundishwa kupumua.